Upatanisho wa Kisarufi katika Majina ya Kilatini ya Wanyama: Mifano ya Mikumi na Kilosa

1.0 Utangulizi

Katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, tembo huitwa kisayansi Loxodonta africana, ngiri Phacochoerus africanus, na tumbusi mwenye mgongo mweupe Gyps africanus. Wanyama hawa hawana nasaba ya karibu, lakini wote wamepewa neno moja la pili, lenye maumbo mawili. Makala haya yanadai kwamba jambo hili ni la kisarufi, na kwamba mtunga kamusi wa Kiswahili asiyelizingatia humpotosha msomaji wake.

2.0 Neno la pili likiwa kivumishi

Tangu Linnaeus alipochapisha toleo la 10 la Systema Naturae mwaka 1758, jina la spishi ya mnyama huwa na maneno mawili. La kwanza, yaani la jenasi, ni nomino, na haliruhusiwi kutumiwa kwa jenasi nyingine yoyote ya wanyama. La pili hulifafanua la kwanza, nalo hukatazwa kurudiwa ndani ya jenasi ileile tu.

Likiwa kivumishi cha Kilatini, neno la pili sharti lipatane na nomino yake kijinsia. Loxodonta ni ya jinsia ya kike, hivyo africana. Phacochoerus na Gyps ni za kiume, hivyo africanus. Linganisha:

(1) a. mti mkubwa
    b. kiti kikubwa

Shina -kubwa halitaji kitu mpaka lipate nomino. Africanus nalo ni vivyo hivyo.

3.0 Neno la pili likiwa nomino

Hapa hatari huzidi. Pofu wa Mikumi ni Taurotragus oryx, ilhali Oryx, kama jenasi, ni choroa, mnyama wa nyika kame za kaskazini. Kamusi ikiandika "pofu: oryx" itakuwa imemtaja choroa.

4.0 Neno la pili likiwa la Kiswahili

Mwaka 2002 chura wa milima ya Ukaguru, upande wa kaskazini wa Kilosa, alipewa jina Churamiti maridadi. Nomino imeundwa kutokana na chura na miti; maridadi ni kivumishi chetu. Kanuni ya Kimataifa ya majina ya wanyama huyahesabu maneno ya spishi yasiyo ya Kilatini wala kufanywa ya Kilatini kuwa hayabadiliki umbo. Sarufi ya Kiswahili ilikwisha kusema hivyo kuhusu neno hili:

(2) a. kijana maridadi
    b. nguo maridadi

Samaki au ndege akiitwa maridadi kesho, neno litabaki lilivyo, jenasi iwe ya jinsia yoyote.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba kamusi zetu ziandike maneno yote mawili, la jenasi likianza kwa herufi kubwa. Aidha, majina haya yafaa kutumiwa darasani, kwani mwanafunzi anayeuelewa upatanisho wa ngeli tayari anao ufunguo wa kuyasoma.