Geti Huliwa Kuanzia Chini

Mwaka huu chama chetu kilikubaliana kila mwanachama achague kazi moja ya mikono, aende akaisome kwa wanaoifanya, kisha aje aieleze kwa Kiswahili ambacho hata fundi mwenyewe akikisoma hatacheka. Mimi nilichagua mageti. Sababu yangu ni nyepesi. Kuanzia Likoni hadi Kisauni, na Changamwe nako, ni vigumu kupita mtaa usio na geti la chuma, na mengi ya mageti hayo yameshika kutu huku wenyewe wakiyapaka rangi mpya kila mwaka.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Vitabu vya ng'ambo husema habari za mlango wa gereji, yaani wa chumba cha kulazia gari nyumbani. Kwetu sisi gereji ni pale kwa makanika, penye mafuta meusi chini na gari lililopandishwa jeki. Gari la nyumbani hulala uani, na linalolilinda ni geti. Walimu wetu hupenda tuandike "lango". Ni neno zuri, lakini hebu mwambie fundi wa Mtongwe akutengenezee lango. Atakuuliza kama wataka la uwanja wa mpira. Basi mimi nitaandika geti, ila nitalifuata kwa sarufi yake: geti limeshika kutu, mageti yameshika kutu. Ile "geti imeshika kutu" tuwaachie manamba wa matatu.

Sasa tuje kwenye kutu yenyewe. Chuma kikikutana na maji na oksijeni kwa pamoja, hugeuka polepole kuwa kitu kingine, chekundu, kinachomomonyoka. Kimoja katika hivyo viwili kikikosekana, kutu haiji. Huko majangwani chuma hukaa miaka na mikaka. Hapa kwetu maji hayangoji mvua. Yamo hewani usiku kucha, na alfajiri ukipapasa geti kiganja chaloa. Halafu kuna chumvi. Upepo wa kusi, unaovuma kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, hubeba vitone vya maji ya bahari visivyoonekana kwa macho, na vikikauka huacha chumvi juu ya chuma. Chumvi hiyo huvuta unyevu hata siku isiyo na wingu. Tena huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu, ukiichunguza, ni kazi ya umeme mdogo sana unaopita ndani ya tone la maji. Ndiyo maana geti la Shelly Beach huzeeka kabla ya geti la huko Mikindani.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mara nyingi sehemu za geti zinazopigwa na mvua huishi kuliko zile zilizojificha chini ya mikunjo na nyuma ya bawaba. Kwani vipi? Mvua huosha chumvi. Penye kivuli chumvi hubaki, ikalimbikizana mwaka hadi mwaka. Kwa hivyo dawa ya kwanza ya geti si rangi, ni kuliosha, hasa mafichoni. Lakini kuosha nako kuna mtego wake. Maji ya bomba, yale yanayotoka Mzima na Baricho, hayaji kila siku, na nyumba nyingi za bara hutegemea visima. Visima vingi vyetu vina chumvi. Ukilimwagia geti maji ya kisima cha chumvi umelichumbia kutu kwa mkono wako mwenyewe! Afadhali kinga pipa la maji ya mvua kutoka paani.

Niende kwenye kiini cha somo. Mafundi watatu niliokaa nao, katika mitaa mitatu tofauti, waliniambia neno moja: geti huliwa kuanzia chini, na huliwa kutoka ndani. Fremu ya geti hutengenezwa kwa mabomba ya mraba, matupu ndani. Maji huingia juu, kwenye tundu la skrubu au pale ambapo fundi alichomea vituo vituo badala ya kuchomea mfululizo. Yakishaingia hushuka hadi bomba la chini na kulala humo. Hayana pa kutokea. Nje rangi yang'aa, ndani bomba linageuka unga. Siku moja bawaba inang'oka na kipande cha fremu, na mwenye nyumba anasema ati amerogwa.

Nilitaka kumpendeza fundi mmoja kwa methali, nikamwambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Akatikisa kichwa. "Bwana mdogo," akanijibu, "ufa wa chini hauzibwi. Maji yashaingia, sasa wataka yatokee wapi?" Kwake yeye nyufa za juu huzibwa zote, na za chini huachwa. Hata huzitoboa makusudi: chini ya bomba la chini hupiga tundu kwa drili, moja kila upande na moja katikati, kubwa kiasi cha kupitisha penseli, ili maji yachuruzike. Kisha huhakikisha geti haligusi ardhi. Vidole viwili vya nafasi vyatosha. Panya atapita, ndiyo, lakini mchanga wenye maji hautalilamba bati.

Utajuaje geti lako limefika wapi? Chukua bisibisi. Gongagonga kwa mpini wake ukianzia juu kuteremka. Chuma kizima hulia, chuma kilichooza hufanya kama sufuria iliyojaa unga. Penye malengelenge ya rangi, kwangua utazame. Kisha kandamiza ncha ya bisibisi kwa nguvu ya mkono tu. Ikikataa kuingia, kutu iko juujuu na kazi ni yako. Ikiingia, hapo hapana rangi itakayosaidia. Sehemu hiyo yataka kukatwa na kuwekwa kipande kipya. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuwa rangi ni rahisi kuliko fundi, halafu hulipa mara mbili.

Kutu ya juujuu huondolewa kwa brashi ya waya, kisha msasa, mpaka chuma kionekane cheupe. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha kwa kitambaa, acha jua limalizie. Halafu paka rangi ya kwanza, ile nyekundu ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Ukilaza chuma uchi usiku mmoja katika hewa ya Mombasa, asubuhi utaona wekundu mwembamba umeshatanda, na rangi utakayopaka itakuwa imepakwa juu ya kutu. Anza na kingo na kona, kwa sababu rangi ikikauka hujivuta kutoka kwenye makali na kuyaacha na ngozi nyembamba. Usipake saa sita mchana chuma kikiwa cha moto kiasi cha kutoshikika, wala alfajiri umande ukiwepo. Na miezi ya kazi hii ni Januari na Februari, wakati wa kaskazi na ukavu. Mei, mwezi wa masika kuiva, ni mwezi wa kuosha brashi na kungoja.

Neno juu ya kuchomea. Mabati na mabomba mengine huja yamevikwa zinki, na zinki hujitoa mhanga: huliwa yenyewe kwanza ili chuma kisalimike. Lakini zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi na kuwa mvuke kwenye nyuzi 907, na moto wa kuchomea wapita hapo kwa mbali sana. Kwa hivyo kila palipochomewa zinki imekwisha, na ndipo kutu itakapoanzia. Mwambie fundi apake rangi yenye zinki juu ya mshono kabla ya rangi nyingine. Ule moshi mweupe unaopanda nao si wa mchezo. Huleta homa, baridi ya mwili na maumivu ya kifua usiku wake. Mafundi wengi hunywa maziwa kama kinga. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni, hayakutani. Kinachosaidia ni kukwangua zinki kabla ya kuchomea, kukaa upande unakotoka upepo, na kuvaa kifaa cha kuzuia moshi puani na mdomoni.

Geti linaloburura chini lina kisa chake. Mwenye nyumba huamuru likatwe chini, na baada ya miezi laburura tena. Kabla ya kukata, inua ncha yake kwa mikono miwili utazame ni nini kinachocheza. Bawaba zikicheza, ni bawaba. Nguzo ikicheza, tatizo liko kwenye saruji ya nguzo na geti halina makosa. Visipocheza vyote viwili, pima mishazari ya geti, kona hadi kona. Mishazari isipolingana, fremu imepinda, na dawa yake, baada ya kuinyosha, ni chuma cha kuegemeza kinachotoka kona ya bawaba ya chini kupanda hadi kona ya juu ya upande wa pili. Bawaba zenyewe zatosheka na grisi kidogo mara mbili kwa mwaka.

Upepo nao usidharauliwe. Geti la bati zima ni tanga la jahazi. Upepo wa kilomita 72 kwa saa ukilipiga geti la mita 4 kwa 2 uso kwa uso, hulisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200. Vimbunga vikubwa vya bahari hukosa nguvu ya kujizungusha karibu na ikweta, nasi tuko nyuzi 4 tu kusini mwake, kwa hivyo mara nyingi twasalimika. Majirani zetu si kila mara: tufani iliipiga Unguja Aprili 1872, na kimbunga Hidaya kikafika Mafia Mei 2024. Lakini hata dhoruba ya kawaida ya masika hung'oa geti lisilofungwa vizuri. Geti la kufunguka pande mbili lataka komeo la chini linaloingia kwenye tundu la saruji, na tundu hilo litolewe mchanga kila mara. Fundi akiacha nafasi kati ya vipande vya bati, mwenye nyumba asinung'unike kuwa amepunjwa. Upepo wapitia hapo.

Milango ya mbao sitaisema sana. Huvimba wakati wa mvua ikakataa kufunga, na watu hukimbilia randa. Ukiiranda mwezi wa Mei, Januari itakuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Vumilia ikauke kwanza, kisha upake rangi ncha za juu na za chini, ambako mbao hunywa maji zaidi.

Mlango wa duka wa kuviringisha una springi ndani ya mhimili wa juu, nayo imekazwa daima. Ikiwa mlango umekuwa mzito ghafla, au wateremka wenyewe, springi imechoka au imekatika. Usifungue nati yoyote ya huko juu. Springi ikifyatuka huvunja mkono. Mwite mtu wa kazi hiyo. Wewe kazi yako ni kufuta mchanga kwenye njia za pembeni na kuzisugua kwa mshumaa, si kwa grisi, kwa maana grisi hukamata vumbi.

Nimeliweka mwisho lile lililonifanya niandike makala hii, nalo ni geti la kusukuma juu ya reli. Tupige hesabu, walimu wa fizikia watafurahi. Geti la mita 4 kwa 2 lina eneo la mita za mraba 8. Bati la unene wa milimita 1.5 litakuwa na ujazo wa mita za ujazo 0.012. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa kilo 7,850 hivi. Zidisha: kilo 94. Ni karibu mifuko miwili ya saruji, na bado hatujatia fremu. Uzito wote huo umesimama juu ya magurudumu mawili, nayo hayalizuii kuanguka. Linaloshikilia geti lisianguke ni vile virola vya juu, na kizuizi mwishoni mwa reli kinacholikataza kutoka kwenye virola hivyo. Vitu hivyo vidogo ndivyo kutu huvila kwanza, kwa kuwa ni vyembamba na hakuna anayevipaka rangi. Kizuizi kikikatika hakuna atakayejua, geti litaendelea kufungua na kufunga kama kawaida, mpaka siku mtoto atakapolisukuma kwa mbio za mchezo, lipite mwisho, limwangukie. Na kazi ya kufungulia gari, katika nyumba nyingi, hupewa mtoto.

Kwa hivyo leo jioni usimtume mdogo wako. Waondoe watoto wote, simama upande wa mwisho wa geti, si mbele wala nyuma yake, na umwite mtu mzima mmoja alivute polepole kuja kwako. Tazama kizuizi cha chini na cha juu. Vigonge kwa nyundo. Kikilegea hata kimoja, funga geti kwa mnyororo na kufuli, mpite mlango mdogo, mpaka fundi afike.