SOMO: BINTI ZA SELOFEHADI
Soma Hesabu 27:1-11



Selofehadi alifariki jangwani bila mtoto wa kiume. Binti zake watano, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na mkutano wote, wakadai urithi wa baba yao. Angalieni: walikuwa bado wanaishi katika mahema, na nchi yenyewe hawajaikanyaga! Mungu akasema madai yao ni ya haki, na jibu hilo likawa sheria kwa Israeli yote.

Huko Kagera, Tanzania, Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 aliliuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akamshtaki, kwa kuwa mila ya Wahaya ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba. Ukoo ukitaka shamba, umrudishie mnunuzi fedha yake.

Kwa Wakongo: Sheria ya Familia ilirekebishwa mwaka 2016, na mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili aende mahakamani.

Mama mjane, usingoje kurudi nyumbani. Andika sasa shamba liko wapi, mipaka yake, na majirani wanaoijua. Cheti cha ndoa, kama kilinusurika, kitunze pamoja na karatasi za watoto, wa kike na wa kiume.