Kaya Kinondo: Ya Kufanya na Ya Kutofanya

Masharti haya yanamhusu mgeni aliyefikia hoteli ya Diani, na yanamhusu zaidi mwenyeji wa Kwale anayedhani ni ya wageni. Kaya Kinondo ni mmoja wa misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi ya Dunia mwaka 2008. UNESCO ilikuta kazi imeshafanywa. Wazee wa Wadigo, ambao ni Wamijikenda pia, walikuwa wameulinda msitu huo kwa vizazi, bila seng'enge wala askari, kwa miiko tu. Kwa hiyo usije ukabishana langoni.

Fanya haya

Ingia na mwongozaji wa pale pale, na ulipe kiingilio bila kunung'unika.

Jifunge kaniki. Utapewa kitambaa cheusi ukifunge kiunoni, mwanamume kwa mwanamke. Usiulize kama suruali yako ndefu haitoshi. Haitoshi.

Vua kofia. Punguza sauti. Ukionyeshwa mti wa dawa, sikiliza mpaka mwisho kabla ya kutaja kile ulichosoma kwenye simu.

Usifanye haya

Usitoe kitu. Si jani, si kijiti, si jiwe, si mbegu ya kupeleka nyumbani. Tawi kavu lililoanguka lenyewe nalo ni la kaya, liache lioze hapo hapo. Mwiko huu mmoja ndio uliouweka msitu hai. Kuni zisipookotwa, udongo unashiba, na mbegu inapata pa kuota. Wataalamu wa mimea walipopita katika misitu ya kaya za pwani walikuta miti adimu ambayo kwingine ilishafyekwa zamani. Toka nje ukatazame mji wa Ukunda, kisha useme ni nani aliyejua kutunza msitu.

Usiulize fingo limezikwa wapi. Ni kinga ya kaya, na anayepaswa kujua lilipo anajua.

Usimbusu mwenzako. Fungate ina chumba chake hotelini.

Usipige picha kabla ya kuruhusiwa, wala usirushe droni.

Usimlishe mbega. Tumbo lake limeumbwa kwa majani, na biskuti yako ni ugonjwa.

Usiite kaya mahali pa uchawi. Wadigo wengi ni Waislamu, na ubishi wa shirki hauishi barazani. Mimi sioni ugumu wake: asiyetaka tambiko la kaya asihudhurie, lakini mti auache umesimama. Anayehubiri dhidi ya mizimu asubuhi na kuuza mbao za kaya jioni hana hoja ya dini.

Na mkiwa mmeshafika pande hizo, Msikiti wa Kongo ulio kwenye mlango wa Mto Mwachema ni wa kale, na bado watu wanaswali humo. Usiufikie na nguo za kuogelea. Usiegemee kuta zake ili upate picha ya machweo.

Kwa wenyeji hasa

Mtalii asiyejua hukosea kwa saa moja, akakemewa, akaenda zake. Hasara kubwa ya kaya huanzia kwenye hati ya shamba. Misitu hii ilianza kutangazwa kuwa ya kulindwa kwenye Gazeti rasmi la Serikali mwaka 1992, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 inailinda. Hata hivyo, kisiwani Chale, kusini kidogo ya Kinondo, hoteli ilijengwa miaka ya 1990 kwenye kisiwa chenye kaya, wazee wakipinga.

Kwa hiyo usinunue ploti iliyopakana na kaya kabla ya kuwauliza wazee mpaka uko wapi. Wakala wa mashamba atakuambia "ni kichaka tu". Usimwamini.

Usisogeze ua wako hatua mbili kila msimu ukidhani hakuna anayehesabu.

Usikate boriti humo, hata kama ni za nyumba ya mama yako.

Na ukisikia msumeno unalia usiku, usingoje Jumatatu. Mwamshe mzee wa kaya usiku huo huo, kisha umwambie chifu, kisha watu wa Makumbusho. Ukijua msumeno ni wa mjomba wako, mtaje vilevile.