Nusu Sekunde ya Kwanza: Kwa Nini Jenereta Hushindwa na Kiyoyozi

Umeme ukikatika mchana wa Februari mjini Kibaha, haichukui muda kabla ya kusikia kamba za majenereta zikivutwa, kuanzia Maili Moja hadi Tumbi. Taa zinarudi, feni zinazunguka, televisheni inawaka. Kisha mtu anawasha kiyoyozi. Taa zinafifia, sauti ya injini inazama, na jenereta inazima. Mwenye nyumba anasoma vibao: jenereta ni ya kilowati 2.5, kiyoyozi kinakula kilowati 1.1. Kwa hesabu hiyo umeme unatosha na mwingine unabaki. Basi lawama zinaangukia petroli iliyochakachuliwa, au fundi, au muuzaji. Hesabu ya mwenye nyumba haina kosa, ila ni hesabu ya kiyoyozi ambacho tayari kinazunguka.

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili bado linatuhusu. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha umeme Februari 2024, baada ya miezi ya mgao iliyotuchosha wote, na mitambo yote 9 ina uwezo wa megawati 2,115. Bwawa lenyewe liko Mto Rufiji, karibu na sisi watu wa Pwani. Lakini wingi wa umeme bwawani hauzuii tawi la mwembe kuangukia nyaya za njia ya Maneromango, wala transfoma ya mtaa kuungua. Kwa duka la dawa, zahanati au ukumbi wa harusi wa Kisarawe, jenereta bado ina kazi.

Tuanze na kiyoyozi chenyewe. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachukua joto lililomo chumbani na kulitupa nje, na kinachobeba joto hilo ni gesi inayozungushwa ndani ya mabomba. Gesi ikipanuka inapoa na kunyonya joto la chumba. Kompresa ikiibana inapata moto, na joto linatolewa kwenye kile kisanduku cha nje chenye feni. Kipimo cha BTU 12,000 kinachoandikwa kwenye viyoyozi vingi vya vyumba vya kulala kinatokana na biashara ya barafu ya Marekani: ni kasi ya joto inayoweza kuyeyusha takribani kilo 900 za barafu kwa saa 24. Kwa vipimo vyetu ni kilowati 3.5 za joto. Kwa kuwa umeme unatumika kuhamisha joto na si kulizalisha, kilowati 1 hivi ya umeme inatosha kuhamisha kilowati 3 au zaidi za joto. Ndiyo sababu kibao kinasema 1.1.

Sasa tuiangalie kompresa. Ndani yake kuna mota. Umeme ukipita kwenye nyaya za shaba zilizosukwa pembeni, unazaa sumaku inayozunguka, na katikati kuna rota inayoifuata sumaku hiyo. Rota haiguswi na waya wowote. Inapata mkondo wake kwa sababu moja tu: sumaku inaipita. Tofauti ya kasi kati ya sumaku na rota ndiyo inayozaa mkondo. Kompresa ikiwa imeshika kasi, rota inazunguka karibu sawa na sumaku, tofauti ni ndogo, na mota inavuta ampea 5 hivi kwa umeme wetu wa volti 230.

Lakini katika nusu sekunde ya kwanza rota imesimama tuli. Sumaku inaipita kwa kasi yake yote, tofauti inakuwa kubwa kuliko itakavyokuwa tena, na mota inavuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida. Ampea 5 zinageuka 25 au 35. Jenereta ya kilowati 2.5 ina uwezo wa kutoa ampea 11 hivi bila kuchoka. Hapo ndipo taa zinapofifia.

Kwenye umeme wa TANESCO hatulioni jambo hili, au tunaliona kama kupepesa kidogo kwa taa, kwa sababu nyuma ya soketi kuna transfoma ya mtaa na mitambo mizito inayozunguka kwa pamoja nchi nzima. Nyuma ya soketi ya jenereta kuna pistoni moja. Ili itoe umeme wa hezi 50, jenereta ndogo ya kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Kila ampea inayovutwa inageuka kuwa breki kwenye mhimili wake. Mzigo ukija ghafla, kifaa cha kudhibiti kasi kinafungua njia ya mafuta, lakini kinahitaji muda kidogo kuitikia. Katika muda huo nguvu inatoka kwenye gurudumu zito linalozungushwa na injini, kama mwendesha baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa kutoka Kisarawe anavyopanda kilima cha Pugu kwa mbio alizozichukua bondeni. Mbio zikiisha kabla ya kilima kwisha, baiskeli inasimama.

Kinachofuata ndicho kinachoua viyoyozi, na ningependa kila fundi amweleze mteja wake. Volti ikishuka, nguvu ya mota ya kujizungusha haishuki kwa kiwango kilekile. Inashuka kwa mraba. Volti ikibaki asilimia 80, nguvu inabaki asilimia 64. Volti ikibaki asilimia 60, nguvu inabaki 36 tu. Kompresa inashindwa kuisukuma gesi, rota inabaki imesimama, na kwa kuwa imesimama inaendelea kuvuta mkondo ule mkubwa. Utasikia mngurumo mzito kwenye kisanduku cha nje, kisha mlio wa “tik”. Huo ni ulinzi wa ndani umekata umeme kwa sababu ya joto. Baada ya dakika chache unarudisha, mngurumo unaanza tena. Ukiuacha mchezo huo uendelee siku nzima, varnishi inayotenganisha nyaya za mota inaungua, na kompresa imekwisha.

Kuna jambo jingine linalozidisha ugumu. Kiyoyozi kikizimwa, upande mmoja wa mabomba unabaki na shinikizo kubwa la gesi na upande wa pili dogo. Shinikizo la pande hizo mbili linachukua kama dakika 3 kusawazika. Ukiwasha kabla ya hapo, mota inaanza kazi huku gesi inaisukuma kinyume. Viyoyozi vingi vina kifaa cha kuchelewesha, lakini vya zamani havina. Hesabu dakika 3 mwenyewe, kila mara, hata kama wageni wanalalamika joto.

Je, ununue jenereta gani? Kwa kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000, jenereta ya kVA 5 inayodhibiti volti vizuri kwa kawaida huweza kukiwasha, kwa sababu jenereta huweza kuvumilia mkondo mkubwa kuliko wa kibao kwa muda mfupi. Wenye nyumba za magurudumu kule Marekani, ambao huweka kiyoyozi cha BTU 13,500 juu ya paa la gari, wamekumbana na tatizo hilihili kwa miaka mingi. Wengi hufunga kifaa kidogo kwenye kompresa kinachopunguza mkondo wa kuanzia. Sisi tuna njia rahisi zaidi: kiyoyozi cha inveta. Hiki huanza kuzungusha kompresa polepole, sumaku na rota zikipanda kasi pamoja, kwa hiyo ule mkondo wa ghafla haupo. Jenereta ileile ya kilowati 2.5 iliyozima inaweza kukiendesha, mradi volti zake hazirukiruki, kwa kuwa kadi ya elektroniki iliyomo ndani haipendi umeme mchafu. Mtu anayetegemea jenereta hana sababu ya kununua kiyoyozi kisicho cha inveta.

Tuje kwenye petroli. Lita 1 ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Jenereta ndogo inageuza kuwa umeme 1.5 hadi 2 tu kati ya hizo. Zilizobaki zinatoka kwenye ekzosi na kupasha hewa ya uani. Katika hewa yetu ya pwani, sehemu kubwa ya umeme huo haipozi chumba bali inakausha hewa. Maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi ni ushahidi. Mvuke ukigeuka kuwa lita 1 ya maji unatoa joto la kilowati-saa 0.67, na joto hilo nalo lazima litupwe nje. Ndoo ya lita 20 ikijaa, kiyoyozi kimetumia zaidi ya kilowati-saa 4 za umeme kwa kukausha tu, sawa na lita 2 hadi 3 za petroli. Mlango unaofunguliwa kila dakika unaingiza mvuke mpya. Dari chini ya bati, pazia upande wa jua la jioni na mlango unaofungika vizuri vinaokoa mafuta kuliko jenereta ya bei kubwa. Na feni ya wati 60 inakula chini ya sehemu moja ya kumi na tano ya kiyoyozi.

Yapo mambo mawili ambayo si ya gharama. La kwanza ni kuingiza umeme wa jenereta ndani ya nyumba kwa waya wa plagi mbili, bila swichi ya kubadilishia. Transfoma ya mtaa haijui upande. Ikipokea volti 230 kutoka kwako inazipandisha hadi volti 11,000 au 33,000 kwenye nyaya ambazo fundi wa TANESCO anaamini zimezimwa.

La pili ni moshi. Kiyoyozi cha ukutani kinazungusha hewa ileile ya chumba, na ili kifanye kazi umefunga madirisha. Kaboni monoksaidi ya ekzosi haina harufu wala rangi, na inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Weka jenereta uwanjani, angalau mita 6 kutoka dirishani au mlangoni, ekzosi ikielekea mbali na nyumba. Usiiweke koridoni, barazani wala jikoni, hata mvua ikinyesha. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na ni rahisi kudhani ni malaria. Ukiamka usiku na dalili hizo huku jenereta inanguruma, usitafute dawa kwanza: amsha wote, toeni watoto nje, kisha muende hospitali.