Tuna nyumba na friji: je, tunastahili zaka?

Swali: Mume wangu ni fundi seremala, hana kazi tangu hoteli aliyokuwa akifanyia ifungwe. Vifaa vyake ameshaviuza na deni la duka linapanda. Kamati ya zaka ya msikiti wetu inasaidia familia, lakini tuna nyumba na friji, naona haya kwenda. – Mama wa watoto wanne, Unguja

Jibu: Nenda, dada yangu, wala usione haya. Mnaomba haki, si hisani. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba imetaja makundi manane ya wanaopewa zaka, na nyinyi mnaweza kuingia kwa milango miwili: umaskini na deni. Nyumba mnayoishi haiwazuii. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wa Pwani, maskini anaweza kuwa na makazi na hata kipato, ila hakimtoshi.

Msiishie kuomba mchele na mafuta. Imamu Nawawi ameeleza kwamba mwenye ufundi hupewa cha kununulia zana za kazi yake. Basi mumeo aandike anachohitaji: randa, msumeno, drili, pamoja na bei za dukani. Chukueni na daftari la deni, kamati ilione kwa macho.

Kuhusu siri, mwambie mwenyekiti mapema kwamba hamtaki kupigwa picha mkipokea. Mna haki hiyo, na kamati inayojiheshimu haitawalazimisha. Msaada ukishindikana hapo msikitini, Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, nayo hupokea na kugawa zaka.