Bumu Likiingia, Simu Huita
Kijitabu kwa wanafunzi wa vyuo wanaosoma kwa mkopo, na kwa wazazi wao

Ujumbe wa benki huingia asubuhi: bumu, ile posho ya mkopo, limeingia. Kabla ya saa sita mchana kundi la WhatsApp la darasa limejaa vicheko, foleni ya wakala wa pesa imefika barabarani, na waliokuwa wakila kwa daftari kwa mama lishe wanapita kufuta majina yao. Jioni simu inaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Masomo yanaendaje?"

Salamu zinakuwa ndefu kuliko siku nyingine. Paa la jikoni linavuja. Mdogo wako karudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa mitihani. Bibi mguu umemzidi. Mama hajaomba chochote, ametaja tu, na ukishakata simu unabaki umeshika kitochi huku unapiga hesabu.

Maandishi mengi yanayomhusu mwanafunzi wa kipato cha chini humwona kama mtu wa kusaidiwa. Sisi tunaopokea wanafunzi katika ofisi za ushauri tunamjua kwa sura nyingine: ndiye anayemlipia mdogo wake, anayemlaza kwenye kitanda chake mwenzake aliyekosa chumba, anayekaa hadi usiku akiwafafanulia wenzake hesabu za takwimu. Anatoa sana. Swali la kijitabu hiki ni lini kutoa huko kunamtuliza moyo, na lini kunammaliza.

Kutoa kidogo kunatosha

Mwaka 2008 watafiti Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha jaribio walilolifanya Kanada. Watu walipewa bahasha asubuhi, nyingine yenye dola 5 na nyingine yenye dola 20. Baadhi waliambiwa wajinunulie kitu wao wenyewe, wengine wamnunulie mtu zawadi au watoe sadaka, na wote wawe wamezitumia kabla ya jioni. Waliozitumia kwa wengine waliimaliza siku wakiwa na furaha zaidi. Kiasi kilichokuwa ndani ya bahasha hakikuleta tofauti: aliyetoa dola 5 hakuwa nyuma ya aliyetoa 20. Watu wengine walipotakiwa kubashiri matokeo, walidhani furaha kubwa ingekuwa kwa mwenye dola 20 anayejinunulia mwenyewe.

Utasema hao walipewa pesa za bure, na hakuna aliyelala na njaa. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana utafiti wa Aknin na wenzake wa mwaka 2013 una maana zaidi kwetu. Ulichambua takwimu za nchi 136, tajiri na maskini, ukaona uhusiano huohuo kati ya kutoa na kuridhika katika nchi nyingi sana. Kisha ukawataka watu wa Kanada na wa Uganda wakumbuke siku walipotumia pesa zao kwa ajili ya mtu mwingine, au kwa ajili yao wenyewe. Kote kuwili, waliokumbuka kutoa walijisikia vizuri zaidi. Raha ya kutoa si anasa ya aliyeshiba.

Lakini ina sharti. Mwaka 2010 Netta Weinstein na Richard Ryan walionyesha kwamba anayesaidia kwa hiari yake ndiye anayenufaika moyoni. Aliyesukumwa na aibu au hofu ya lawama hapati kitu hicho, hata kama msaada ni uleule. Mwanafunzi anayetuma pesa nyumbani kwa kuogopa kuitwa "msomi aliyetusahau" ametuma pesa na amebaki na kinyongo.

Hesabu ya bumu

Posho ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania ilipanda kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Kwa siku 60 hiyo ni 600,000, na kijijini laki sita inasikika kama utajiri. Anayeisikia kwa mkupuo hajui kwamba ndani yake mna kodi ya chumba, chakula, nauli, sabuni, bando na desa za kutoa kopi. Tena ni mkopo. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa kila mwezi hadi deni liishe, ikiwemo 80,000 uliyotuma nyumbani ya bati la lile paa.

Hatusemi usitume. Tungesema hivyo tungekuwa hatuwajui wasomaji wetu, na pengine wangekitupa kijitabu hiki, wakiwa na haki. Tunasema zungumza na nyumbani kabla bumu halijaingia, si jioni ya siku yenyewe, wakati mkono ni mwepesi na sauti ya mama iko sikioni. Waambie bumu ni la siku ngapi, na linaishia wapi. Wazazi wengi hawajawahi kuoneshwa hesabu hiyo. Wanachojua ni kwamba mtoto "analipwa na serikali". Ukishaeleza, taja kiasi unachoweza kila mkupuo, hata kama ni 20,000, na ukitume bila kungoja kuombwa. Msaada uliopangwa ni wako. Ule uliovutwa na simu ya usiku si wako.

Na pale inapowezekana, lipia kitu chenye jina. Mchango wa mitihani wa mdogo wako utauona umefika: atakupigia kukwambia karudi darasani. "Hela ya matumizi" huyeyuka, na wewe hubaki hujui umefanya nini.

Jambo moja tunalikataza waziwazi: usimsaidie mtu kwa pesa ya kukopa. Mikopo ya kausha damu, ya mtaani na ile ya kwenye programu za simu, imewafikia wanafunzi wengi kupitia mlango wa huruma. Rafiki ana msiba, wewe unakopa kwa jina lako, na wiki ya tatu anayetumiwa ujumbe wa vitisho ni wewe. Kumdhamini mwenzako kwa mkopeshaji wa namna hiyo ni vilevile.

Msaada usio na noti

Chuoni msaada mkubwa haupiti mikononi kama pesa. Anayekaa na wenzake watatu chini ya mwembe akawafafanulia somo linalotoa sapu nyingi kila mwaka amewaokoa na kurudia mtihani, na yeye mwenyewe amelielewa vizuri zaidi kwa kulifundisha. Kuna anayemsindikiza mwenzake zahanati, na kuna anayemkumbusha wa mwaka wa kwanza tarehe ya kusaini mkopo. Hilo la mwisho ni la dakika mbili, na tumeona waliochelewa kupata bumu kwa kukosa mtu wa kuwakumbusha.

Kubebana chumbani nako kumo humu. Kanuni za mabweni zinakataza, na tunajua kwamba kunaendelea. Godoro la mtu mmoja likilaliwa na wawili muhula mzima, urafiki wenyewe huchakaa. Kama umembeba mtu, muwekeane muda, na msaada wako mwingine uwe kumtafutia chumba.

Michango ya darasa inafaa zaidi pale inapokuwa midogo na ya mapema. Mchango wa bima ya afya ya NHIF kwa mwanafunzi umekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wanafunzi 50 wakitoa 1,000 kila mmoja karibu wanamkatia mwenzao bima nzima. Kumchangia akiwa tayari amelazwa ni gharama kubwa na ni kwa machozi. Kiongozi wa darasa (CR) asome tu kiasi kilichopatikana, asitaje nani katoa nini. Orodha yenye majina inageuza hiari kuwa mahudhurio.

Na wewe upokee

Wapo wanaosaidia kila mtu na hawakubali kusaidiwa na yeyote. Wanapiga pasi ndefu, chai ya asubuhi hadi wali wa usiku, huku wakimkopesha mwenzao nauli. Ukijiona umeanza kukwepa simu za nyumbani, hulali, unakosa vipindi kwa vibarua, au unakasirishwa na kila anayekuita jina lako, kutoa kumekuzidi. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi wa chuo chako. Huhitaji kufika ukiwa na tatizo lenye jina. Sema tu "nimechoka", naye ataendelea kuuliza.

Kwa mzazi

Kijana wako anaposema "sina" huenda hana kweli, na neno hilo limemgharimu usiku mzima kulitamka. Kabla ya habari za paa, muulize leo amekula nini. Akijibu "chai", usikate simu upesi.