Mwanangu analia akiona penseli

Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili. Nauza omena (dagaa) hapa Macalder, na mume wangu anachimba dhahabu. Kifungua mimba wetu ana miaka saba, yuko Gredi ya Pili, na mwalimu anasema hapendi kuandika. Basi kila jioni namkalisha anakili ukurasa mzima, na akikosea nafuta arudie. Sasa akiona penseli tu machozi yanamlengalenga. Juzi nilirudi sokoni nikakuta ameujaza ukuta wa sebule makaa, herufi, samaki, sijui nini. Nilimchapa. Dani yake, yaani nyanya yake, naye anamkemea kwa kuandika kwa mkono wa kushoto. Mimi niliachia Darasa la Sita, na Kiingereza cha vitabu vyao sikijui. Hapa kwetu vijana wadogo wanaacha shule wanaingia mashimoni, na ninaogopa. Nifanyeje?
Mama Omena, Macalder

Mama, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara narudi kwenye ule ukuta. Unaniambia mtoto hapendi kuandika, halafu unaniambia ameujaza ukuta herufi bila kutumwa na mtu. Hayo mawili hayapikiki chungu kimoja.

Anachokichukia ni kunakili, nami simlaumu. Mtoto ameshinda shuleni, amerudi na njaa, unampa kibarua kisicho na ujira: hakuna atakayekisoma alichoandika, na akikosea kifutio kinamrudisha mwanzo. Mumeo angeambiwa achimbe shimo, alifukie, kisha alichimbe tena, angemaliza wiki? Vidole vya miaka saba bado vinakomaa na huchoka haraka. Dakika kumi zinamtosha.

Mpe sababu ya kuandika. Kesho sukari na sabuni zikiisha, usiende dukani wala usimtume kwa mdomo. Mwambie aandike. Akiandika “skari” na “sabni”, usifute. Mwache aende na kikaratasi chake vivyo hivyo. Mwenye duka atakisoma, atampimia sukari, na mtoto atarudi akijua kwamba alama za mkono wake zimemwinua mtu mzima kwenye kiti chake. Kwenye daftari la kunakili hilo halimo. Herufi iliyokosekana mwambie siku atakapokuuliza, na atauliza, maana sasa ana haja nayo.

Biashara yako nayo ni shule. Nani anaandika kibao cha bei ya gorogoro, lile kopo la kupimia? Nani anaandika majina ya waliokopa omena? Mkabidhi daftari la madeni awe karani wako, ila mwonye asiwasomee wateja madeni yao kwa sauti sokoni.

Kuhusu Kiingereza, uko huru kuliko unavyodhani. Sera ya elimu ya Kenya yenyewe inataka watoto wa madarasa ya chini, hadi Gredi ya Tatu, wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Mwache aandike Kijaluo. Ndiyo lugha anayootea ndoto, tena kwa sehemu kubwa huandikwa kama inavyotamkwa, kwa hiyo sikio lake litamwongoza. Akichoka, akusimulie wewe uandike maneno yake yaleyale, bila kuyanyoosha, kisha umsomee. Darasa la Sita linatosha kabisa kwa kazi hiyo. Akisikia sentensi yake ikitoka kinywani mwako kutoka kwenye karatasi, mtazame uso.

Dani naye ana kazi kubwa kuliko kulinda mkono wa kulia. Kuandika kwa kushoto si tabia mbaya wala si ugonjwa. Ukimlazimisha abadili, unamwongezea uzito penseli iliyokwisha kuwa nzito. Mwombe dani amsimulie sigana, hadithi za Kijaluo. Aanze na Gor Mahia, yule mganga wa Kanyamwa, hapo Ndhiwa jirani zenu, ambaye jina lake lilichukuliwa na klabu ya mpira mwaka 1968. Mvulana wa miaka saba hatakataa kumchora mtu anayesemekana alijigeuza apendavyo, na chini ya mchoro aandike sentensi moja tu. Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, ng'ambo ya ghuba, alizisikia hadithi za Wajaluo kwa nyanya yake kabla ya kuwa mwandishi, na mwaka 1983 akatoa riwaya ya Miaha kwa Kijaluo.

Usinunue kitu. Pasua pakiti ya unga iliyoisha, upande wa ndani ni karatasi nzuri. Kalenda ya mwaka jana ina migongo kumi na miwili. Akitaka kuandika kwa kidole ardhini, mpe mchanga safi wa uani. Ila nakuomba sana, si ule mchanga laini wa kwenye vinu vya kusagia mawe, wala mabaki ya mgodi wa zamani, hata ukionekana mzuri kiasi gani. Huo hubeba zebaki, na zebaki huharibu ubongo wa mtoto. Kwa sababu hiyohiyo, mumeo nguo za kazini azivulie nje.

Na hofu yako ya mashimo naielewa. Lakini hofu hiyo ndiyo inayokaa nanyi mezani kila jioni, na mtoto anaihisi. Mhusishe baba. Akirudi usiku watoto wamelala, akute kikaratasi juu ya sahani yake iliyofunikwa, kimeandikwa lolote: kuku ametaga, jino limeng'oka. Sharti ni moja, ajibu. Hata neno moja, kwa mkono wake, hata kama mwandiko wake ni wa kukwaruza, alikute mtoto asubuhi. Nakuhakikishia kuna asubuhi utamkuta ameamka kabla yako akitafuta jibu lake.

Ule ukuta usiupake chokaa bado. Mkatie kipande kimoja, chini ya dirisha, kiwe chake, kwingine kuwe marufuku. Lakini kabla ya hapo mwombe msamaha kwa ile fimbo, mkae wawili sakafuni mbele ya yale makaa, umuulize ambalo hukumuuliza siku ile: hapa umeandika nini?